Setilaiti ya Uhuru na Hodhi la Maji Chumvi: Fahari ya Pwani Inayosubiri Msimulizi

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ni nyepesi kuitumia pale ambapo mchezaji na uwanja ni wa nyumba moja. Huwa nzito pale ambapo uwanja ni wa mwenyeji, ngoma ni ya mgeni na tuzo hutolewa ng'ambo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya iliadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi aina ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini mbele ya Ras Ngomeni, kaskazini mwa mji wa Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi mwenyeji, setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye anga za mbali. Miale hiyo haiwezi kupenya angahewa na kufika ardhini, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuichunguza kwa utulivu ila kwa kupeleka chombo juu ya angahewa. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ilikuwa na vyanzo 339 vya miale ya eksirei. Kutokana na data zake, wanasayansi walibaini kuwa baadhi ya vyanzo hivyo ni jozi za nyota zinazozungukana, moja ikiifyonza gesi ya mwenzake. Aidha, data hizo zilichangia kukifanya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kianze kukubalika kuwa ni shimo jeusi. Mradi huo ulisimamiwa na mhandisi Marjorie Townsend wa NASA. Na Riccardo Giacconi, aliyeiongoza timu ya wanasayansi, alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Swali linalozuka ni hili: mwanafunzi wa Kiswahili hukutana wapi na habari hizi? Anaposoma historia ya lugha yake, hufundishwa juu ya maenezi ya Kiswahili kupitia biashara, dini, utawala na elimu. Husimuliwa kwa fahari jinsi Rais Joaquim Chissano alivyolihutubia Baraza la Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mwaka 2004. Lakini ni nadra kuelezwa kwamba miaka 34 kabla ya hotuba hiyo, neno moja la lugha yake lilikuwa limekwisha kuizunguka dunia na kuingia katika vitabu vya astronomia.

Makala haya yanatetea rai moja. Kiswahili kimezoea kualikwa kwenye ubatizo wa vyombo na kusahauliwa kwenye karakana. Chombo hupewa jina la Kiswahili, kisha kila kinachohusu uundaji, urushaji na uendeshaji wake husemwa kwa lugha nyingine. Fahari inayotokana na jina peke yake ni fahari ya kuazima. Fahari ya kweli hutokana na kazi, na kazi haiwezi kumilikiwa na jamii isiyoweza kuisimulia. Jukumu la kuisimulia kazi hiyo ni la wasomi wa Kiswahili kama lilivyo la wahandisi.

Kwa Nini Ngomeni

Historia ya Ngomeni katika sayansi ya anga ilianza miaka ya 1960, wakati Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alipotafuta mahali pa kurushia roketi karibu na ikweta. Ghuba ya Ungwana ilikidhi haja hiyo kwa sababu tatu zinazoeleweka kwa urahisi.

Kwanza, eneo hilo liko takribani nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na mwendo wa uso wake ni mkubwa zaidi kwenye ikweta, ambako hufikia kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo huanza safari ikiwa tayari imesukumwa na dunia yenyewe, mfano wa mtu arukaye kutoka kwenye mashua iendayo kwa kasi. Pili, upande wa mashariki wa Ngomeni ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vya roketi vinavyoanguka haviwaangukii watu. Tatu, setilaiti iliyorushwa kutoka hapo inaweza kuzunguka juu ya ikweta katika kimo cha chini, ambako huepukana kwa kiasi kikubwa na mikanda ya mnururisho inayoizunguka dunia. Kwa chombo kama Uhuru, ambacho vihisio vyake vingevurugwa na mnururisho huo, sababu hii ya tatu ilikuwa na uzito wa pekee.

Majukwaa yalisimamishwa baharini kwa miguu ya chuma. Jukwaa la San Marco lilikuwa la kurushia na la Santa Rita lilikuwa la kuongozea, na yaliunganishwa kwa nyaya zilizopitishwa chini ya maji. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya Kiitalia ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Hadi tarehe 25 Machi 1988, iliporushwa ile ya mwisho, setilaiti 9 zilikuwa zimeondoka kwenye maji hayo. Urushaji ulikoma, ila kazi haikukoma. Kituo cha nchi kavu, ambacho sasa kina jina la Broglio aliyefariki mwaka 2001, kiliendelea kufuatilia vyombo na kupokea data. Swift, iliyorushwa mwaka 2004 ili kuchunguza milipuko ya miale ya gama, na NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012 kuendeleza uchunguzi wa eksirei, ziliundiwa utaratibu wa kuteremsha data zake kupitia kituo cha Malindi. Hivyo, habari za milipuko iliyotokea kabla dunia haijaumbwa zimepitia Ngomeni kabla ya kuwafikia wataalamu wa Marekani na Ulaya.

Msomaji atatambua kuwa aya hizi hazikuhitaji lugha ya kigeni ili zieleweke. Ikweta, angahewa, mnururisho, kihisio, kimo, mzunguko: maneno yapo. Wala si ajabu yawepo. Kiswahili ni lugha ya watu walioisoma anga kabla ya majukwaa hayo. Neno falaki ni la kale katika lugha hii. Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali si majina yaliyobuniwa na kamati ya istilahi. Ni urithi wa manahodha, wakulima na waalimu wa dini. Kilimia, kundi la nyota, lina jina linalotukumbusha kulima kwa kuwa kuonekana kwake kulimwambia mkulima wakati wa kushika jembe. Baharia aliyesubiri kaskazi na kusi alifanya hesabu ya mbingu na bahari kwa pamoja.

Fahari ya Nani

Hata hivyo, ni lazima fahari ipimwe kwa haki. Ingekuwa ni kujidanganya kudai kwamba Wakenya ndio walioirusha Uhuru. Roketi ilikuwa ya Kimarekani, setilaiti ilikuwa ya Kimarekani, na jukwaa pamoja na waliolisimamia walikuwa wa Kiitalia. Kenya ilitoa bahari yake, mahali pake karibu na ikweta, jina, na mikono ya watu wake: wafanyakazi wenyeji walioajiriwa katika kazi za kituo na za majukwaa. Kwa makusudi ya makala haya, mikono hiyo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko vyote. Bahari na ikweta havikutengenezwa na mtu. Mikono ilifanya kazi.

Pwani ya Malindi ina kisa cha kale kinachofanana na hiki. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata Malindi rubani aliyemvusha Bahari ya Hindi hadi Calicut. Ujuzi wa pepo na nyota uliowezesha safari hiyo ulikuwa wa rubani. Leo jina la nahodha wa Kireno limo katika kila kitabu cha shule, ilhali jina la rubani bado ni mjadala wa wanahistoria. Sababu mojawapo ni kwamba msafara wa nahodha uliandika na rubani hakuandikiwa. Je, itakuwa haki kwa karne ya ishirini kurudia kosa la karne ya kumi na tano, tena mahali pale pale?

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 San Marco 2 iliporushwa amekwisha kuukaribia umri wa miaka 80. Baadhi ya wenzake wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Waliobaki wanajua walivyoviita vyombo vile walipokuwa kazini. Wanajua ni neno gani la Kigiryama, la Kibajuni au la Kiswahili lililotumika kwa mtambo ambao jina lake la Kiitalia halikutamkika. Wanajua siku bahari ilipochafuka walifanyaje. Haya hayamo katika ripoti za wahandisi. Mzee akizikwa, kamusi yake huzikwa naye.

Funzo la Walenisi

Wasomi wa fasihi wana sababu ya ziada ya kulijali suala hili. Katama Mkangi, mwandishi mzawa wa Kilifi, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo na kutiwa ndani ya chombo cha kumpeleka angani akafie huko. Badala ya kufa, Dzombo anajifunza kukiongoza chombo hicho na anafika katika nchi ya Walenisi, ambako anaiona jamii iliyojengwa juu ya utu na usawa.

Kwa kawaida, wahakiki huisoma riwaya hii kama tashtiti ya kisiasa na kama ndoto ya jamii bora. Usomaji huo ni sahihi. Lakini kuna jambo ambalo husahauliwa kirahisi: ukombozi wa Dzombo unaanzia kwenye ufundi. Hakombolewi na hotuba wala na huruma ya watawala. Anakombolewa na uamuzi wake wa kuzielewa nyenzo za chombo alichofungiwa. Abiria anageuka rubani. Kwamba taswira hii ilitoka kwenye kalamu ya mwana wa Kilifi, wilaya ambayo watu wake waliziona roketi zikipaa kutoka baharini, ni jambo linalostahili kujadiliwa darasani, hata kama mwandishi mwenyewe hakuitaja Ngomeni.

Ukweli wa hivi karibuni unalingana na funzo hilo. Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo iitwayo 1KUNS-PF, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Mtoto angeweza kuubeba kwa mikono miwili. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi wa Kenya wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria, na kurushwa kutoka California. Ukiilinganisha na Uhuru, 1KUNS-PF ni kama dau mbele ya meli. Lakini kwa mizani ya fahari ya kazi, ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa safari hii Wakenya walikuwa wamezishika nyenzo.

Na bado desturi ni ile ile. Jina Taifa ni la Kiswahili. Mihadhara, michoro na taarifa za kitaalamu si za Kiswahili. Lugha imealikwa tena kwenye ubatizo.

Hodhi la Maji Chumvi

Pengine msomaji atasema kuwa setilaiti ziko mbali mno na uwezo wa chama cha wanafunzi. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo inayotulazimisha kushuka kutoka angani hadi baharini, kwenye kazi ya uhandisi iliyo ndogo kwa kimo lakini yenye tabia ile ile: kuanzisha hodhi la samaki wa maji chumvi.

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya San Marco 2. Kwa hiyo katika kipindi kile kile pwani hii ilifunguliwa madirisha mawili ya elimu, moja la mbingu na moja la bahari. Ngomeni yenyewe ilipata jaribio lake la kufuga viumbe wa maji chumvi: mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa FAO, lilianzishwa pale shamba la majaribio la kufugia kamba. Isitoshe, kwa miongo mingi wavuvi wa pwani ya Kenya wamekuwa wakiwakamata samaki wa mapambo wakiwa hai, nao husafirishwa kwa ndege hadi kwenye mahodhi ya Ulaya na Marekani. Kitatange aliyezaliwa kwenye matumbawe ya pwani hii huishia sebuleni kwa mtu, na kibandiko kilicho mbele ya kioo kina jina la Kilatini na la Kiingereza. Data za nyota hupitia hapa zikaenda zake. Samaki naye hupitia njia hiyo hiyo.

Ni mwanafunzi gani wa sekondari ya Kilifi ambaye amewahi kulitunza hodhi kama hilo na kuandika shajara yake kwa Kiswahili? Kazi yenyewe si mchezo. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita. Maji yanapovukizwa na joto, chumvi haiondoki. Hubaki na kuzidi ukali. Kwa hiyo hodhi linalopungua hujaziwa maji baridi na si maji ya bahari. Wafanyakazi wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni wanaijua kanuni hii kwa mikono yao, maana ndiyo inayowapa mkate. Tofauti ni kwamba wao huutaka mvukizo na mfuga samaki huuogopa.

Jambo la pili ni subira. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwake mwenyewe. Katika bahari kuu sumu hiyo hupotea. Katika hodhi hujikusanya. Mwokozi ni bakteria wasioonekana kwa macho, ambao huota juu ya mawe na ndani ya chujio. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita ili kuenea vya kutosha. Kwa hivyo mwenye hodhi hupaswa kuyatunza maji matupu kwa muda unaokaribia arubaini, akipima kila siku na kuandika, kabla ya kumtia samaki wa kwanza. Asiye na subira humwua samaki wake kwa sumu asiyoiona, kisha husingizia bahati mbaya.

Jambo la tatu ni joto. Mwenye hodhi katika nchi za baridi hununua kifaa cha kupasha maji. Mwenye hodhi wa Malindi hupigana na jua. Hapa ndipo hodhi linapogeuka kitabu. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa. Mwanafunzi aliyeona jinsi nyuzi chache za joto zinavyobadili tabia ya viumbe ndani ya kioo hatahitaji kuhubiriwa juu ya mabadiliko ya tabianchi. Atakuwa na kipimo chake, kwa mwandiko wake, kwa lugha yake.

Setilaiti na hodhi hufanana katika jambo hili: vyote viwili ni vyumba vilivyofungwa ambavyo uhai au utendaji wake hutegemea mizani. Mhandisi wa 1KUNS-PF alipaswa kuhesabu nguvu ya umeme inayoingia na inayotoka, joto la upande unaoelekea jua na baridi ya upande wa kivuli. Mwenye hodhi huhesabu chumvi, sumu na joto. Wote wawili wataumbuliwa na kosa dogo lililopuuzwa. Na wote wawili huionja fahari ile isiyoweza kuazimwa: fahari ya mtu aliyeona kitu kikifanya kazi kwa sababu yeye alikipima, akakosea, akasahihisha, akapima tena.

Pingamizi

Yako mapingamizi matatu ambayo hayafai kupuuzwa. La kwanza hudai kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa kazi hizi. Dai hili ni la zamani na limekwisha kujibiwa kwa vitendo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Upungufu uliopo ni wa matumizi zaidi ya maneno. Istilahi isiyotumiwa kazini ni kama jahazi lisiloshushwa majini: linaweza kuwa na mbao nzuri, lakini hakuna ajuaye kama linavuja.

Pingamizi la pili hudai kuwa mwanafunzi wa Kiswahili si mhandisi wala mwanabiolojia, na asijitie kwenye yasiyomhusu. Jibu ni kwamba hatakiwi kurusha roketi. Anatakiwa kufanya kazi aliyosomea: kusikiliza, kurekodi, kupanga, kufafanua na kusimulia. Mhandisi anapokosa neno, ni nani atakayemsaidia ikiwa mwanaisimu amejifungia na sarufi, na mwanafasihi amejifungia na tamathali za semi?

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Mvuvi wa Ngomeni, husemwa, ana njaa, ana nyavu mbovu na ana hofu ya kupoteza ardhi. Fahari ya setilaiti na ya samaki wa kioo itamfaa nini? Ni kweli kwamba fahari haijazi sufuria. Lakini lugha ya kazi inahusiana na haki kuliko inavyodhaniwa. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia kuhusu kituo cha Malindi ulitiwa saini mwaka 2016, na makubaliano yake yanagusa mafunzo na upatikanaji wa data. Mwenyeji atadai vipi mafunzo yale ikiwa hajawahi kuelezwa, kwa lugha anayoiota, ni kazi gani hufanyika nyuma ya ua? Atauliza vipi juu ya data ikiwa hana habari kwamba picha za setilaiti humwonyesha mtu hali ya mikoko, tope la Mto Sabaki linavyotapakaa baharini, na joto la maji anamovua? Vivyo hivyo, mvuvi anayewauza samaki wa mapambo atajuaje thamani ya ujuzi wake ikiwa hana maelezo ya kile kinachompata samaki baada ya kutiwa kwenye mfuko? Haki ambayo haijasimuliwa kwa lugha ya mwenye haki hudaiwa na wengine kwa niaba yake, na mara nyingi humalizikia mikononi mwao.

Yapasayo Kufanywa

Kutokana na hoja hizi, yafuatayo yanapendekezwa. Kwanza, idara za Kiswahili, hasa zilizo karibu na pwani kama ile ya Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, zishirikiane na vyama vya wanafunzi kukusanya masimulizi ya wazee waliofanya kazi Ngomeni. Masimulizi hayo yanukuliwe kwa lahaja zao, kabla ya kusanifishwa, kwa kuwa msamiati wa kazi huishi katika lahaja.

Pili, utafiti wa rejista uvuke mipaka ya soko, hospitali na kanisa, ambako watahini wamekwisha kuchoshwa na marudio. Rejista ya mafundi wa kituo cha anga, ya wavuvi wa samaki wa mapambo na ya wafugaji wa kaa wa mkondo wa Mida bado inamsubiri mtafiti. Watafiti wakienda, wataleta tasnifu zenye maneno mapya na watu halisi.

Tatu, shule chache za Malindi na Kilifi zianzishe mahodhi ya maji chumvi, kwa idhini ya mamlaka za uvuvi na wanyamapori na bila ya kuchukua kitu chochote ndani ya hifadhi. Wanafunzi waandike shajara za vipimo kwa Kiswahili, na kila samaki abandikwe jina analoitwa na wavuvi: kitatange, kikande, puju, tafi, bunju. Iwapo majina mawili yatatofautiana kati ya Malindi na Kilifi, yaandikwe yote mawili. Tofauti hiyo nayo ni elimu. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa biolojia wasimame mbele ya kioo kimoja.

Nne, walimu wa fasihi waisome upya Walenisi wakiwa na historia ya Ngomeni mkononi, na waandishi chipukizi wajaribu kuwaza hadithi ambamo shujaa hubeba kipimajoto badala ya bunduki.

Hitimisho

Setilaiti ya Uhuru ilimaliza kazi yake mwaka 1973, na mwaka 1979 ilirudi kwenye angahewa ikateketea. Kilichobaki ni orodha ya vyanzo 339, elimu iliyozaa tuzo, na neno moja la Kiswahili katika vitabu vya astronomia vya dunia nzima. Neno hilo lilitolewa kama heshima, na heshima hupokelewa kwa mikono miwili. Hata hivyo, mwenye heshima si yule tu anayeitwa jina zuri. Ni yule awezaye kueleza jina lake lilipatikanaje, lilibebwa na nani, na lilifanya kazi gani.

Bahari iliko ndiko mito iendako. Kwa muda mrefu elimu ya anga na ya bahari imetiririka kutoka pwani hii kuelekea kwingine. Wenye lugha hawaombwi kuuzuia mto. Wanaombwa wachote, wapime, waandike. Wazee wa Ngomeni wangalipo, japo wachache. Matumbawe yangalipo, japo yamejeruhiwa. Kazi hii haihitaji roketi, ila kalamu, kinasa sauti, na nauli ya matatu kutoka Malindi mjini.